Muziki Ni wa Masikio, Macho Yabaki Barabarani

Leo naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kila siku wala hatulioni kama ni jambo: kuchagua nyimbo huku gari linatembea.

Kabla hamjanirukia, niseme mapema kwamba sina ugomvi na muziki. Mtu anayetoka Tegeta au Mbagala asubuhi na kukaa kwenye foleni saa nzima na ushee, ukimnyima muziki utakuwa umemwonea. Ugomvi wangu ni na mkono unaoshika simu, na macho yanayoifuata simu hiyo. Muziki ni kitu cha masikio. Sisi, kidogo kidogo, tumeugeuza kuwa kitu cha macho, na macho hayo tumeyaiba barabarani.

Tumefikaje hapa? Sehemu ya jibu iko Japani.

Magari mengi tunayoendesha hapa Bongo, hizi Vitz, IST, Passo na Spacio, yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani, yakatumika huko, ndipo yakaja kwetu. Yamekuja na redio za kwao. Kwa miaka mingi redio za FM za Japani zilianzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu zimetapakaa mpaka karibu na 108. Ndiyo maana ukilitoa gari bandarini unaweza kutafuta stesheni mpaka mwisho wa redio ukaambulia mbili tatu tu, nyingine zote hazimo. Fundi atakuuzia kijidude cha kuchomeka kwenye waya wa antena, kinashusha masafa ili redio yako iyadake. Kinasaidia, lakini namba unayoiona kwenye redio haifanani tena na namba ya stesheni, na mara nyingine stesheni mbili zinagombania nafasi moja.

Halafu kuna maajabu mengine. Baadhi ya magari hayo yana tundu la MD, yaani MiniDisc, visahani vidogo ambavyo Sony ilivitoa mwaka 1992 vikapendwa sana Japani. Wangapi kati yetu tumewahi hata kukiona kimoja? Mengine yana skrini inayoongea Kijapani na ramani ya Japani ndani yake. Siku fundi akichomoa betri, baadhi ya redio hizo zinajifunga na kudai diski au kadi yake ya ramani, ambayo huenda ilibaki kwa mwenye gari wa kwanza.

Sasa mtu mwenye redio ya namna hiyo afanyeje? Anahamia kwenye vifaa vyake. Wa zamani walitumia ile kanda bandia yenye waya: unaiingiza kwenye deki, na ncha ya waya unaichomeka kwenye kicheza MP3. Zikaja transmita ndogo za FM zinazokaa kwenye tundu la kuwashia sigara. Unachomeka flashi, unatafuta masafa yasiyo na stesheni, redio inadaka. Ukaja waya wa AUX, ikaja Bluetooth. Leo simu ndiyo redio, ndiyo kanda, ndiyo maktaba nzima ya nyimbo.

Ubunifu huo naupenda. Watu walikuwa na tatizo, wakalitatua kwa hela kidogo. Lakini angalieni kilichobadilika njiani. Kanda ulikuwa unaisukuma kwa kidole, inaingia, basi. Kitufe cha sauti ulikuwa unakizungusha bila kukitazama, kwa sababu mkono ulishajua kilipo. Hata ile flashi uliyojaziwa nyimbo na kijana wa kibandani ilikuwa na kitufe cha kwenda mbele na cha kurudi nyuma. Kioo cha simu ni laini kotekote. Kidole hakijui pa kwenda mpaka jicho likielekeze. Ufungue simu, utafute programu, uandike jina la msanii, ushushe orodha, uchague. Katikati ya hayo ujumbe wa WhatsApp unaingia, na mkono tayari uko palepale.

Hebu tupige hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi hapa kwetu, linakula karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde mbili ni mita 28. Kwa mwendo wa kilometa 80, sekunde mbili ni zaidi ya mita 44. Mita 44 umekwenda ukiwa huoni kitu, na hapo bado hujaupata wimbo.

Kwa nini nimechagua sekunde mbili? Kuna utafiti uliofanyika Marekani ambapo magari 100 ya watu wa kawaida yalifungwa kamera na vipimo, watu wakaachwa waendeshe kama kawaida yao. Ripoti ilitoka mwaka 2006. Ilionyesha kwamba kuondoa macho barabarani kwa zaidi ya sekunde mbili kunaongeza hatari ya kupata ajali au kukoswakoswa kwa angalau mara mbili. Kama unadhani wewe ni mwepesi, jipime gari likiwa limeegeshwa. Tafuta wimbo mmoja kwenye simu, mwenzako ashike saa. Halafu zidisha kwa mita 14.

Wengine watasema dawa ni gari jipya lenye skrini yake kubwa. Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden liitwalo Vi Bilägare lilifanya jaribio zuri. Walichukua magari mapya kadhaa ya skrini, wakachukua na Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe vya kawaida. Dereva alitakiwa kufanya kazi chache ndogondogo, ikiwemo kuweka redio kwenye stesheni fulani, huku akienda kilometa 110 kwa saa. Kwenye ile Volvo ya zamani alimaliza kwa sekunde 10, gari likiwa limekwenda mita 306. Kwenye gari lililoshika mkia alitumia zaidi ya sekunde 40, gari likawa limekwenda mita 1,372. Zaidi ya kilometa moja! Mchuma wa miaka 17 umeyapiga bao magari mapya, kwa sababu tu una vitufe.

Wazungu wenyewe wameanza kushtuka. Shirika la Euro NCAP, linalopima usalama wa magari Ulaya, limeweka masharti kuanzia mwaka 2026 kwamba gari linalotaka nyota zote tano liwe na vitufe halisi kwa baadhi ya mambo ya msingi kama honi, taa za hatari na waipa.

Hapa kwetu tunakwenda upande wa pili. Tunang'oa redio ya Kijapani, tunaweka redio ya Android ya kutoka China yenye skrini kubwa kama kishikwambi. Inapiga YouTube, inaonyesha video za Bongo Fleva, raha tupu. Sasa kuna jambo ambalo wenye redio hizo wengi hawalijui. Nyuma yake mara nyingi kuna waya mmoja mwembamba unaotakiwa kuunganishwa na breki ya mkono. Kazi yake ni kwamba video isionekane mpaka gari liwe limesimama na breki imevutwa. Yaani aliyeitengeneza redio alishajua kwamba dereva hatajizuia, akaweka kizuizi. Na fundi anafanya nini? Anauunganisha waya huo moja kwa moja na bodi ya gari, redio inadanganywa kwamba breki imevutwa saa zote, na video inacheza hata ukiwa mwendo wa kilometa 100. Fundi hana kosa peke yake. Akiufunga inavyotakiwa, mteja atarudi kesho kulalamika kwamba redio ni mbovu.

Waya huo mmoja unanisumbua kuliko mengine yote niliyoyataja. Simu unaweza kujitetea kwamba ulishika bila kufikiri. Waya huu umelipia hela ili usikuzuie.

Najua yupo atakayeniambia, "Wewe bwana, hata redio ilipigwa vita ilipoanza." Ni kweli. Redio za Motorola za kwenye gari zilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1930, walikuwepo waliotaka zipigwe marufuku wakihofia kwamba madereva watapumbazwa. Redio ikabaki, na dunia haikuisha. Lakini redio ilibaki kwa sababu unaiwasha, unaiacha iongee yenyewe. Hata kampuni ya Chrysler, ilipoweka santuri ndani ya magari yake mwaka 1956, ilitumia sahani maalumu zinazozunguka polepole ili upande mmoja ucheze muda mrefu, dereva asiwe na kazi ya kugeuza kila baada ya dakika tatu. Miaka ile walikuwa wanauliza dereva atagusa mara ngapi. Sisi tumeacha kuuliza.

Mwingine atasema anatumia sauti, anaiambia simu imtafutie wimbo. Ni nafuu kuliko vidole, hilo nakubali. Lakini jaribio lililofanywa na TRL ya Uingereza mwaka 2020 kwa kutumia mashine ya kuigiza uendeshaji lilionyesha kwamba waliotumia Apple CarPlay au Android Auto kwa kugusa walichelewa kushtuka kuliko mtu aliyekunywa pombe hadi kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa na sheria ya kule. Waliotumia sauti walikuwa na nafuu, lakini nao walichelewa. Kichwa kikiwa kinabishana na simu iliyosikia jina la msanii vibaya, hakiko barabarani.

Sasa tuambizane ukweli. Sisi tuliosoma ndio hodari wa kuwasema madereva wa daladala na mabasi ya mikoani. Tunawarekodi wakiendesha na simu sikioni, tunawarusha mtandaoni, tunataka wanyang'anywe leseni. Sawa, wasemwe. Lakini yule dada wa benki kwenye Vitz anayeshusha orodha ya nyimbo pale Mwenge ana tofauti gani nao? Na yule mshkaji wa kwenye IST mwenye video ya singeli usawa wa usukani? Tofauti ni kwamba wao hakuna abiria wa kuwarekodi. Mtoto anayevuka na begi la shule hajali aliyemgonga ana digrii ama hana.

Na hatuongelei mchezo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka duniani, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Umri huo ni wetu, na wa wadogo zetu.

Nashauri nini basi? Mambo manne tu, na hakuna hata moja la gharama.

Kwanza, DJ asiwe dereva. Aliyekaa kiti cha kushoto ndiye mwenye simu na ndiye mwenye lawama wimbo ukiwa mbaya. Kwenye basi, konda yupo.

Pili, kama uko peke yako, panga nyimbo zako kabla ya kuwasha gari. Dakika moja ukiwa bado uani inatosha kwa safari ya mpaka Posta. Wimbo usioupenda ukija, uvumilie. Una dakika nne, utakwisha.

Tatu, ukienda kufunga redio ya Android, mwambie fundi aufunge waya wa breki ya mkono mahali pake. Kama ilishafungwa, irudishe akurekebishie. Ni kazi ya dakika chache.

Nne, na hili ndilo gumu, sisi abiria tufungue midomo. Kwenye teksi hizi za kuita kwa simu dereva anafuata ramani, anapokea simu ya mteja mwingine na anatafuta wimbo, vyote kwa wakati mmoja, na sisi nyuma tumenyamaza tukiogopa kuonekana wakorofi. Si lazima kugomba. Mwambie tu, "Kaka, niachie mimi nikuchagulie." Wengi watakupa simu huku wanacheka.

Kama kuna mdau mwenye hoja ya kupinga aje nayo, nitamsikiliza. Ila asiiandike akiwa kwenye usukani.

Nawasilisha.