MCHUMAJI YUKO JUANI, KIVULINI YUKO NANI?



Kila Bajeti isomwapo twaambiwa kwamba uchumi wa Zanzibar umekua. Hatusemi kuwa ni uwongo. Mwaka 2023 ulikua kwa zaidi ya asilimia 7, na mwaka 2024 waliingia watalii zaidi ya 700,000. Swali letu ni jengine: umekulia wapi, na kwa faida ya nani?

Zanzibar ni visiwa viwili vikubwa, lakini hisabu yake husomwa kama kwamba ni kimoja. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zikijaa, wastani hupanda, na mtu wa Micheweni huhisabiwa kuwa naye amepanda, hali chungu chake ni kile kile. Sensa ya 2022 iliikuta Pemba ina watu 543,441 katika 1,889,773, yaani karibu watu 3 katika kila 10. Hawa si wageni wa kukaribishwa karamu ikesha. Kwa miaka mingi karafuu ndizo zilizoijaza hazina ya Serikali, na sehemu kubwa ya karafuu hizo hutoka Pemba.

Na bei ilipangwa na nani? Lilipoundwa Shirika la Biashara la Taifa mwaka 1968, ndilo lililokuja kuwa mnunuzi pekee kwa sheria. Mkulima alichuma, akachambua, akaanika, akabeba gunia mpaka kituoni. Huko akatajiwa bei, hakuulizwa. Kwa miaka na miaka alipewa sehemu ndogo tu ya thamani ya mali yake ng'ambo, na akizivusha usiku kwenda Kenya, akaitwa mhujumu. Mwaka 2011 Serikali ikaahidi kumlipa asilimia 80 ya bei ya dunia, na magendo yakapungua. Basi dawa kubwa ilikuwa bei, siyo doria. Ikiwa ni hivyo, katika miaka yote ile aliyedhulumu nani, na aliyedhulumiwa nani?

Mwaka ule ule wa 2011 ilitungwa Sheria ya Utumishi wa Umma, na tukaahidiwa kwamba kazi ya Serikali itatengenezwa upya. Je, uamuzi nao umevuka bahari? Wizara zina makao yao makuu Unguja. Pemba imewekewa Maafisa Wadhamini. Ikiwa Mdhamini hana neno la mwisho katika fedha wala katika ajira, basi yapasa tuelezwe anachokidhamini.

Hatuombi sadaka, wala hatumwonei kijicho ndugu yetu wa Unguja, ambaye naye wengi wao huziona hoteli hizo kwa nje ya ukuta. Twataka mambo matatu. Kwanza, mapato na matumizi ya Serikali yachapishwe kila mwaka kisiwa kwa kisiwa. Pili, wakulima wa karafuu wawachague wenyewe watu wa kuwakalia katika meza inapopangwa bei. Tatu, fedha na ajira za Pemba ziamuliwe Pemba.

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huku kwetu achumaye juani ni mmoja, na alaye kivulini ni mwengine. Ukuaji wa namna hiyo hatutaupigia makofi mpaka mgawo wake uonekane.