Mpiga Ngoma Naye Alipwe

James Brown, mwimbaji mashuhuri wa muziki wa soul nchini Marekani, alifariki dunia mwaka 2006. Sauti yake haikuzikwa naye: vijana wa muziki wa kufokafoka hukata vipande vya santuri zake na kuvitia katika nyimbo zao. Kipande kilichokatwa mno ni mapigo ya ngoma ya "Funky Drummer", santuri ya mwaka 1970.

Lakini mapigo yale hayakuwa ya Brown. Yalipigwa na Clyde Stubblefield, aliyefariki mwaka 2017. Jina lake halikuandikwa kuwa mtunzi, na fungu la mtunzi hakulipata. Hiyo ni dhuluma, hata kama sheria za huko ziliihalalisha.

Hapa Kalenga mpiga ngoma akichoka, harusi imekwisha. Nasi tunazo kanda za redio, Dar es Salaam na Unguja, zenye dansi la akina Mbaraka Mwinshehe na taarab ya Visiwani. Bara ina Sheria ya Hakimiliki ya 1999, Zanzibar ya 2003. Tunawaomba wakuu wanaozitunza kanda hizo: kabla ya kuruhusu kipande kimoja kikatwe, yaandikwe majina ya wapigaji wote, si la kiongozi wa bendi peke yake. Wazee wanaoyakumbuka majina hayo wanapungua kila mwaka.