Kukagua mishipa ya fahamu si anasa

Kuna makala inayoshikilia kwamba kukagua kama saratani ya puru imevamia mishipa ya fahamu ni anasa ya hospitali kubwa, na kwamba mgonjwa wa kijiji kama Majoreni yatosha aambiwe uvimbe umetolewa. Sikubali hata kidogo.

Mwaka 2009 watafiti wa Houston, Marekani, walichapisha matokeo ya kuchunguza upya vipande vya uvimbe wa wagonjwa 269 wa saratani ya utumbo mpana na puru. Ripoti za mwanzo zilitaja uvamizi huo kwa chini ya asilimia 0.5 ya wagonjwa. Walipotazama tena, wakaukuta kwa asilimia 22. Uvimbe ni uleule! Na miaka 5 baadaye waliobaki hai walikuwa asilimia 25 ya waliovamiwa mishipa, dhidi ya 72 ya wengine.

Hadubini ipo maabara tayari. Kinachotakiwa ni jicho linalotafuta seli za saratani zilizouzingira mshipa angalau theluthi, au kupenya ganda lake, kisha mstari mmoja kwenye ripoti, ili daktari ajue nani wa kufuatiliwa kwa karibu zaidi. Mgonjwa aliyeuza mbuzi apate nauli ya hospitali ya Msambweni, kisha Mombasa, kwa nini apewe majibu nusu?