Siku ya Tatu Mpe Jembe

Wahenga walisema kuwa mgeni ni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Neno hilo halikutungwa kwa ajili ya vyuo vikuu vya Marekani, walakini ni shida kupata mahali linapotimia zaidi. Kijana aliye hodari wa mbio, mpira au kuogelea hualikwa kukitazama chuo kinachomtaka. Nauli, malazi na chakula hulipwa na chuo, na kwa miaka mingi kanuni ziliupima ugeni huo kwa saa 48. Saa hizo zikiisha, hutakiwa jibu. Na jibu likiwa ndiyo, jembe humngojea kwa miaka minne.

Ni kosa, basi, kuihesabu ziara hiyo kuwa karamu. Wenyeji wangependa iwe karamu. Mgeni huonyeshwa uwanja, vikombe na picha za mashujaa; hupigiwa makofi, hulishwa na kusifiwa. Ukarimu huo ulipita kiasi, hata mwaka 2004 chama kikubwa kinachotawala michezo ya vyuo, NCAA, kikapiga marufuku ndege za kukodi na kuagiza malazi na chakula viwe vya kawaida. Anasa ilipunguzwa, upofu wa mgeni haukupunguzwa. Kanuni yaweza kumnyima kijana kiti cha fahari, lakini haiwezi kumpa macho.

Macho ni juu yake mwenyewe. Na aulize ufadhili anaoahidiwa ni wa muda gani, maana mwaka 1973 chama hicho kiliukata ule wa miaka minne ukawa wa mwaka mmoja mmoja, na ahadi ya miaka mingi haikuruhusiwa tena mpaka 2012. Kuruhusiwa si kulazimishwa. Na aulize nani atamtibu akiumia goti. Na aulize habari za wakati: kanuni huweka saa 20 za michezo kwa juma katika msimu, lakini safari ya kwenda mashindanoni haihesabiwi, na siku nzima ya mashindano huhesabiwa saa tatu tu. Majibu asiyatafute kwa kocha peke yake, kwa kuwa mwenye duka hasemi kuwa bidhaa yake ina kasoro. Na aketi darasani. Na ale pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu, awaulize faraghani ni masomo gani waliyoyaacha kwa sababu yaligongana na mazoezi. Na amtafute yule anayechechemea, ambaye hakuwekwa katika safu ya wenyeji.

Wapo wasemao kuwa maswali hayo ni utovu wa adabu, na kuwa mtoto wa maskini apewaye elimu hana haki ya kuchagua. Hoja hii ni dhaifu. Henry Rono wa Kenya alipokelewa na Washington State University mwaka 1976. Mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Suleiman Nyambui wa Tanzania, akiwa mwanafunzi wa University of Texas at El Paso, alipata nishani ya fedha mjini Moscow mwaka 1980. Vyuo hivyo vilitajwa duniani kwa miguu ya vijana hao. Nani basi alikuwa mfadhili, na nani mfadhiliwa? Mapatano hayo yana pande mbili, na penye mapatano kuuliza si ufidhuli.

Neno hili lawahusu hasa vijana wa Iten na Arusha. Umbali huwanyima wengi wao hata hizo siku mbili. Hutia sahihi juu ya chuo wasichokiona, yaani hununua mbuzi gunioni. Kwao maswali si nyongeza ya ziara, bali ndiyo ziara yenyewe: kwa simu, kwa barua, na kwa ndugu waliowatangulia. Mzazi au mwalimu anayehesabu tikiti ya ndege kuwa ndio ushindi humdhulumu mtoto anayedai kumsaidia.

Mgeni mwema hushukuru kwa chakula. Mgeni mwenye akili hushukuru, kisha huomba aonyeshwe shamba, kabla ya jua la siku ya pili kuchwa.