Mwajiri Mdogo Anayemkatia Mfanyakazi Bima Apunguziwe Kodi

Si jambo geni katika misikiti ya Bariadi, Maswa na Lamadi kwamba baada ya swala ya Ijumaa husimama mtu akaomba mchango wa matibabu. Mara nyingi mgonjwa si mtu asiye na kazi. Ni kijana wa mashine ya kukoboa mpunga, fundi wa kuchomelea au mpishi wa mgahawani, aliyepewa rufaa ya kwenda Bugando, Mwanza, ilhali hana bima. Tunatoa, na kutoa ni wema. Lakini yatupasa kuuliza: kwa nini mtu afanyaye kazi kila siku atibiwe kwa mchango wa msikitini?

Itakumbukwa kuwa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza mwaka 2001 uliwalenga watumishi wa umma, kwa mchango wa asilimia 6 ya mshahara, nusu yake ikitolewa na mwajiri. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inamtaka mwajiri wa sekta binafsi naye amsajili mfanyakazi wake. Lengo ni jema. Tatizo liko kwenye kodi.

Kampuni kubwa, kama ile yenye kinu cha kuchambulia pamba, hutozwa kodi juu ya faida. Mchango wake wa bima huhesabiwa kuwa ni gharama, ukatolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Mfanyabiashara mdogo alipaye kodi ya makadirio hutozwa juu ya mauzo ghafi ya mwaka. Awakatie bima wafanyakazi wake au asiwakatie, kodi yake ni ile ile. Tuchukue mfano wa mwenye mgahawa aliyeajiri watu watatu kwa shilingi 200,000 kila mmoja kwa mwezi. Akiwatolea asilimia 3, atalipa shilingi 216,000 kwa mwaka bila nafuu yoyote ya kodi. Huu si uadilifu: mwenye nguvu anasaidiwa, dhaifu anaachwa.

Rai yetu ni kwamba nusu ya mchango huo ipunguzwe moja kwa moja katika kodi anayodaiwa, kwa sharti kuwa ana stakabadhi na amewasajili wafanyakazi wake wote. Serikali haishindwi. Mwaka 2021 ilipandisha kutoka wanne hadi kumi idadi ya wafanyakazi inayomfanya mwajiri alipe tozo ya ufundi stadi.

Atakayesema kuwa Hazina itapoteza mapato, tunamjibu kuwa gharama ipo hata sasa. Asiye na bima huchelewa kwenda hospitali hadi ugonjwa umekuwa mzito, kisha hutibiwa kwa msamaha au huacha deni. Tunawaomba wabunge wa Simiyu walisemee jambo hili Muswada wa Sheria ya Fedha utakapojadiliwa.

Hata hivyo, mwajiri aliye miongoni mwetu asingoje Bunge. Afya ya aliye chini yake ni dhamana juu ya shingo yake, na dhamana haisubiri punguzo la kodi.