MASOMO YASHIKANE MIKONO

Mtoto wa Kibirizi hufundishwa habari za Ziwa Tanganyika mara nyingi kila juma, wala mwenyewe hajui kuwa amefundishwa. Mwalimu wa jiografia humwambia kuwa kina cha ziwa hili chafika mita 1,470. Mwalimu wa fizikia humwambia kuwa maji ya moto ni mepesi kuliko maji ya baridi. Mwalimu wa baiolojia humsomesha vijimea na viumbe vidogo vya majini, na wa hesabu humpa faida na hasara. Kengele ikilia, kila mwalimu huchukua chaki yake akaenda zake. Jioni mtoto hurudi nyumbani, akamkuta mama yake anatupa dagaa walioozeshwa na mvua, naye hana hata neno moja la kumsaidia.

Sisi twasema elimu ya namna hii haitutoshi. Mtoto amepewa matofali, lakini hakuna aliyemfundisha kujenga nyumba.

Mazoea haya yana asili yake. Mkoloni alihitaji karani ajuaye kuandika na fundi ajuaye kupiga nyundo. Hakumtaka mtu ajuaye yote mawili, maana mtu huyo huanza kutengeneza chake mwenyewe. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule iungane na kazi na maisha ya watu waliyoizunguka. Lakini katika shule nyingi shamba likabaki kuwa mahali pa jembe, darasa likabaki kuwa mahali pa daftari, na baina ya hayo mawili pakawa na ukuta.

Ziwa letu lenyewe halina kuta hizo. Mwaka 2003 wataalamu walitangaza utafiti kuhusu kupungua kwa chakula cha samaki katika Ziwa Tanganyika. Walieleza kuwa maji ya juu yamezidi kupata joto, na kwa kuwa ni mepesi yanakaa juu ya maji ya baridi bila kuchanganyika nayo vizuri. Rutuba iliyo chini haipandi kama zamani, vijimea vya juu vinapungua, na dagaa anayetegemea chakula hicho naye anapata shida. Upepo wa kusi, ambao kila kiangazi husaidia kuyakoroga maji haya, umekuwa na kazi ngumu zaidi. Wataalamu hao walipima joto la maji, wakaangalia upepo, tena wakasoma hata tope la chini ya ziwa kama mtu asomavyo kitabu cha miaka iliyopita. Hapo pana fizikia, kemia, jiografia na baiolojia kwa pamoja. Kama kila mmoja wao angebaki katika chumba chake, habari hii isingejulikana.

Tena jambo hili si la maabara peke yake. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024 uvuvi ulisimamishwa katika ziwa hili ili samaki wapate kuzaliana. Mvuvi aliyetundika wavu wake miezi mitatu alistahili kuelezwa sababu na mtu anayejua samaki, anayejua bei ya unga sokoni, na anayejua kusema na wazee kwa heshima. Watu wa namna hiyo twawahitaji kwa mamia. Je, shule zetu zinawatoa?

Mfano wa kuunganisha maarifa tunao hapa hapa. Jane Goodall alifika Gombe mwaka 1960 kuchunguza sokwe. Baadaye ilionekana wazi kuwa misitu nje ya hifadhi inakwisha, maana watu wa vijiji vya jirani walihitaji mashamba na kuni. Mwaka 1994 ukaanzishwa mradi wa TACARE. Kabla ya kupanda miti watu waliulizwa shida zao, nao wakataja afya na elimu ya watoto wao. Basi mradi ukaunganisha miti, kilimo, maji, afya, mikopo midogo ya akina mama na masomo ya wasichana. Aliyekuja kwa ajili ya sokwe alilazimika kujifunza habari za zahanati. Hilo ndilo somo kubwa, nalo halimo katika kitabu cha somo moja.

Wako watakaosema, "Mwanafunzi akichanganya mambo mengi hatajua hata moja." Hoja hii si ya kupuuzwa, na jibu lake limo katika michikichi yetu. Mchikichi wa asili uliozoeleka Kigoma ni ule wa dura, wenye kokwa la gamba nene na nyama kidogo. Uko wa pili uitwao pisifera, usio na gamba, ambao kwa kawaida hauzai vizuri. Ukizalisha dura kwa pisifera unapata tenera, wenye gamba jembamba, nyama nene na mafuta mengi zaidi. Tangu kampeni ya michikichi ilipoanza mwaka 2018, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu bora za namna hii. Angalieni basi: dura lazima kwanza awe dura kamili, na pisifera awe pisifera kamili. Hesabu ifundishwe kwa ukamilifu, na kemia vivyo hivyo. Lakini ikiishia hapo, tutabaki na miti miwili iliyosimama mbalimbali na mafuta ya kununua kutoka ng'ambo.

Serikali imekwisha kufungua njia. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na ndani yake elimu ya amali imepewa nafasi. Mwaka huo huo tahasusi za kidato cha tano ziliongezwa zikafika 65. Twaipongeza hatua hiyo, lakini twasema wazi kuwa kuongeza masanduku si kuyafungua.

Kwa hiyo twapendekeza jambo ambalo halihitaji fedha nyingi. Kila shule ya mwambao, kutoka Kagunga hadi Kalya, ichague kila muhula jambo moja la mahali pake. Tuseme ni dagaa wanaooza wakati wa masika. Wanafunzi waende mwaloni wakawaulize akina mama wanaoanika: hasara inakuja siku gani, na kwa nini? Wa baiolojia waeleze kinachoozesha. Wa fizikia wapime tofauti ya kuanika mchangani na kuanika juu ya kichanja, upepo ukipita chini na juu. Fundi wa mitumbwi wa Ujiji aitwe darasani awaonyeshe mbao gani huvumilia maji. Wa hesabu watafute kama gharama ya kichanja yarudi kwa msimu mmoja. Mwisho wasimame mbele ya mkutano wa kijiji, waeleze kwa Kiswahili safi walichokiona, na wajibu maswali ya wavuvi wanaojua mwezi na upepo kuliko kitabu chochote.

Vituo vya TAFIRI na Kihinga viwafungulie milango wanafunzi hawa. Na jambo kubwa kuliko yote: kazi hiyo ipewe alama katika mtihani. Mwalimu mwenye darasa la watoto wengi hufundisha kile kitakachoulizwa, wala hatumlaumu. Mtihani ukiuliza somo moja moja, naye atafundisha moja moja. Ukiuliza ziwa, atafundisha ziwa.

Wazazi nanyi msikae kando. Katika vikao vya shule ulizeni, "Muhula huu watoto wetu wamelitatua jambo gani la kijiji?" Msikubali kujibiwa kwa idadi ya madaraja ya ufaulu peke yake. Nanyi walimu, kabla muhula ujao haujaanza, kaeni meza moja walau siku moja, mchague jambo lenu. Ziwa linapata joto, misitu inapungua, na vijana wetu wanamaliza shule kila mwaka. Tusipowafundisha kuyaunganisha wanayoyajua, wageni watakuja kutuunganishia, kisha watatuuzia.