Latte Bila Maziwa: Tumbo la Staa Liacheni, Ila Hiyo Chai Ipo Jikoni Kwenu

Mitandaoni kumewaka tena, na safari hii chanzo si bwana wa mtu wala gari la kukodi. Ni kikombe cha chai.

Staa mmoja wa kike wa Bongo Movie, yule ambaye kila akivaa nguo ya kubana watu wanaanza kumhesabia miezi, alitupia picha ya kikombe chenye povu juu na unga wa mdalasini umenyunyizwa kwa mbwembwe. Akaandika kwamba ameachana na maziwa ya ng'ombe, siku hizi anakunywa "chai latte" ya maziwa ya lozi. Akamalizia kwa kuwaambia wanoko kwamba lile tumbo walilolipa mimba lilikuwa gesi tu.

Basi ikawa vita. Kuna waliosema anatafuta kiki. Kuna waliosema mtu aliyekulia uswahilini akinywa chai ya maziwa ya kupimiwa kwenye chupa leo hawezi kuja na tumbo la kizungu. Na kuna dada mwingine wa mjini, anayeishi kwa matangazo, akaingia kumtetea staa kwa maneno mabaya kuliko ya waliomtukana: eti wasioweza bei ya hiyo latte waendelee na chai ya rangi, mambo ya kishua wawaachie wenyewe.

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Pande zote mbili zimekosea, na wanaoumia ni watu wa kawaida ambao hata hawakukomenti.

Tuanze na tumbo. Maziwa ya ng'ombe yana sukari yake ya asili inayoitwa laktosi. Mtoto mchanga anazaliwa na kimeng'enya cha kuivunja, maana maziwa ndiyo chakula chake. Lakini kwa binadamu wengi kimeng'enya hicho kinapungua kadiri wanavyokua. Ukinywa maziwa, ile sukari inapita utumbo mdogo bila kuvunjwa, inafika utumbo mpana, bakteria wanaishambulia, na gesi inaanza. Tumbo linajaa, linanguruma, wengine wanaharisha. Hali hii si ugonjwa wa matajiri. Karibu theluthi mbili ya watu wazima duniani wana upungufu huo kwa kiwango fulani.

Na Afrika Mashariki ina historia yake hapo. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakaonyesha kwamba baadhi ya jamii, hasa za wafugaji, zina mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha watu wazima kumeng'enya maziwa bila shida. Yaani huyu anaweza kumaliza kibuyu kizima akaendelea na safari zake, na yule wa nyumba ya jirani akinywa kikombe kimoja siku nzima anaisikia. Wote ni Waafrika, wote wamekula ugali. Kwa hiyo kumwambia mtu ana tumbo la kizungu ni kuongea usichokijua.

Kibaya zaidi, aibu hii inawafunga watu midomo. Kuna kijana yuko ofisini, kila asubuhi anakunywa chai ya maziwa kwa sababu imeletwa na bosi, halafu anashinda anabana tumbo kwenye kikao. Kuna binti anaogopa kukataa chai ukweni asionekane ana maringo, au asianze kuulizwa ana miezi mingapi. Staa kusema hadharani kwamba maziwa yanamsumbua ni jambo la maana, na aliyemwita mjamzito bila kuulizwa ndiye anayepaswa kunyamaza. Tumbo la mwanamke si ubao wa matangazo.

Ila sasa, dada wa matangazo naye asikilize.

Hilo jina tu lina vichekesho. "Masala" maana yake ni mchanganyiko wa viungo, na "chai" ni chai. "Latte" ni Kiitaliano, maana yake maziwa. Kwa hiyo "chai latte bila maziwa" ni chai ya maziwa isiyo na maziwa. Na wale wanaoagiza "chai tea latte" wanaagiza chai ya chai ya maziwa. Ni sawa, majina ya biashara ndivyo yalivyo. Ila usimdharau mtu kwa kinywaji ambacho bibi yake alikuwa anakipika kabla hiyo mikahawa haijafunguliwa.

Angalia kilichomo ndani ya kikombe. Majani ya chai yanalimwa Mufindi, Njombe, Rungwe na kule Usambara. Karafuu ni Unguja na Pemba, ambako Sultani Seyyid Said alisukuma kilimo chake katika karne ya 19 mpaka visiwa vikajulikana dunia nzima. Tangawizi inatoka Same, milimani. Iliki na mdalasini viko sokoni kwa kupimiwa. Na tui la nazi, watu wa Pwani wamelitia kwenye wali, kwenye samaki, kwenye maharage na kwenye mahamri miaka nenda rudi. Nani basi alisema maziwa yasiyotoka kwa ng'ombe ni lazima yaje kwenye boksi kutoka nje?

Hapa ndipo linapoingia suala la mkwanja. Mtu anayelipwa kwa siku kwenye duka la simu Kariakoo akienda kukaa kwenye mkahawa ili apige picha ya kikombe, pesa ya kikombe kimoja ingemnunulia nazi kadhaa na viungo vya mwezi. Hakuna ubaya kujifurahisha siku mojamoja. Ubaya ni kumfanya aamini kwamba afya yake ipo kule tu, na kwamba asipofika kule yeye ni mshamba. Mastaa wengi hawanunui hivyo vitu, wanapewa ili wapost. Shabiki analipa kwa jasho lake.

Kwa hiyo badala ya kubishana, ingia jikoni. Hii ni ya vikombe viwili vikubwa.

Kuna nazi moja, au isage kwenye blenda. Tia maji ya uvuguvugu kikombe kimoja, kamua, chuja. Hilo ni tui zito, liweke pembeni. Rudia kwa kikombe kingine cha maji upate tui jepesi.

Twanga iliki 4, karafuu 3, pilipili manga punje 4 na kipande cha tangawizi kama kidole gumba. Usizisage ziwe unga, ziponde tu zitoe harufu. Tia kwenye sufuria pamoja na kijiti kimoja cha mdalasini, lile tui jepesi na kikombe kimoja cha maji. Chemsha kwa moto mdogo kama dakika 10, huku unakoroga. Hapa ndipo wengi wanapozingua: wanatupia viungo na majani pamoja, dakika mbili wameshaepua, halafu wanalalamika chai haina ladha. Viungo vinataka muda. Majani hayataki. Kwa hiyo majani ya chai, vijiko vidogo 2, yatie mwishoni, yakae dakika 3 hivi, basi. Ukiyaacha yachemke sana chai inakuwa chungu na inakausha mdomo, na tui halitaweza kuficha hilo.

Tia sukari kwa kipimo chako, chuja.

Sasa povu, maana bila povu hakuna picha. Pasha tui zito kwenye moto mdogo huku unakoroga, lisichemke kwa nguvu. Tui likitokota ovyo linakatika, mafuta yanajitenga juu, na chai inaonekana kama mchuzi wa jana. Likishapata moto, liweke kwenye chupa imara yenye mfuniko, lisizidi nusu, shika kwa kitambaa, tikisa kwa nguvu nusu dakika, kisha fungua taratibu maana ndani kuna mvuke. Mwenye blenda ya mkono atumie hiyo. Mimina chai kwanza, tui lenye povu juu, nyunyiza mdalasini. Piga picha ukitaka.

Asiyependa nazi atumie korosho. Loweka kiganja kimoja cha korosho mbichi kwa saa 4 au usiku kucha, mwaga maji, saga na vikombe viwili vya maji safi mpaka yawe laini kabisa. Ukiyapasha yanakuwa mazito yenyewe, kwa hiyo usiyaache jikoni ukaenda kuchati. Wanaotaka povu la kusimama watafute maziwa ya soya, hayo yana protini nyingi na povu lake linakaa.

Na kuna mambo ambayo mastaa hawakwambii kwenye tangazo.

Kwanza, unga wa nazi wa pakiti na ule unga wa kuweupisha chai si lazima uwe hauna maziwa. Baadhi yake unatiwa kazeini, ambayo ni protini ya maziwa. Anayesumbuliwa na laktosi anaweza asisikie kitu, lakini mwenye mzio wa maziwa anaweza kupata shida kubwa. Hayo ni mambo mawili tofauti: laktosi inakuletea gesi, mzio unaweza kukubana pumzi. Soma pakiti. Na mwenye mzio wa karanga na jamii zake akae mbali na korosho na lozi.

Pili, tui halina protini na kalisi kama maziwa ya ng'ombe, na lina mafuta mengi. Ukiacha maziwa, kalisi uitafute kwingine, na dagaa wanaoliwa na miiba yao wanayo. Na mtoto mchanga asipewe tui wala maziwa ya korosho badala ya maziwa ya mama kwa sababu staa fulani amesema ni mazuri.

Tatu, si kila anayejaa gesi ana shida ya maziwa. Tumbo likisumbua kwa muda mrefu, nenda hospitali, usipewe majibu na watu wa komenti. Na wengine wanaosumbuliwa na maziwa mabichi wanaukubali mtindi bila tatizo, kwa sababu bakteria wake wameshaipunguza ile laktosi. Jaribu kidogo kidogo, mwili wako utakwambia.

Nne, hiyo latte ya mkahawani inaweza kuwa na sukari nyingi kuliko soda, hasa ikitengenezwa kwa sharubati ya chupa. Kuondoa maziwa hakuifanyi kuwa dawa. Ya nyumbani angalau kijiko umekishika wewe.

Kwa hiyo kwa staa wetu: hongera kwa kusema ukweli kuhusu tumbo lako, na siku moja tupia video ukikuna nazi, mashabiki zako wa Mbagala na Buza watakuelewa zaidi. Kwa dada wa matangazo: chai ya rangi unayoicheka ndiyo nusu ya hiyo latte, nusu nyingine ni nazi ya sokoni. Na kwa waliomtukana mwenzao kwa sababu ya kikombe: mkienda ukweni mkakuta mtu amekataa chai ya maziwa, mwekeeni ya tui au ya rangi, msimuulize ana miezi mingapi.

Wewe maziwa yanakukubali au unabana tumbo kimyakimya? Na nyumbani kwenu chai ya viungo wanaipikaje? Dondosha komenti hapo chini, matusi acha nyumbani.